Kisanduku cha "Imeandaliwa na"

Kila mchoro unaotoka ofisini kwetu una jedwali dogo kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Ndani yake kuna jina la mradi, namba ya mchoro, kipimo, tarehe, na visanduku vitatu ambavyo mtu asiye wa kazi hii angevipita bila kuvitazama: imeandaliwa na, imekaguliwa na, imeidhinishwa na. Kwenye michoro yenyewe maneno hayo yameandikwa kwa Kiingereza, kama yalivyo mambo mengi ya taaluma yetu, na mtu haandiki jina lake kamili bali herufi za mwanzo za majina yake. Nilijiunga na mpango wa wahandisi wahitimu katika kampuni moja ya usanifu na ushauri wa kihandisi jijini Dar es Salaam mwezi Januari 2024, na ilinichukua miezi minane kabla herufi zangu hazijaingia katika kisanduku cha kwanza. Nataka kueleza miezi hiyo na ile iliyofuata, kwa sababu nilipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo nilitafuta sana maelezo ya namna hii kwa Kiswahili nikayakosa. Nilichokipata kilikuwa orodha za sifa za mwombaji na tarehe za mwisho za kupokea maombi.

Kampuni za aina hii hazijulikani sana mtaani, kwa hiyo nianze hapo. Mwenye mradi, ambaye kwa barabara za nchi yetu aghalabu ni serikali kupitia wakala zake, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, au TARURA kwa barabara za wilaya, anahitaji barabara au daraja. Mkandarasi ndiye anayeleta mitambo, kokoto na mafundi. Katikati yao yuko mhandisi mshauri, ambaye kazi yake ni kupima, kukokotoa, kuchora, kuandika masharti ya ujenzi, na mara nyingi kusimamia ujenzi wenyewe ili kilichochorwa ndicho kijengwe. Nilipomweleza bibi yangu haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu, nyumba ikianguka anayeulizwa ni aliyejenga au aliyechora?" Nilimjibu kwamba wanaulizwa wote wawili. Katika miaka minne ya shahada sikuwa nimewahi kulitazama jambo hilo kwa namna hiyo.

Kwa sheria za Tanzania, shahada ya uhandisi peke yake haimpi mtu mamlaka ya kugonga muhuri kwenye kazi. Mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kisha hupitia mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa, ndipo anapoweza kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa bodi wa kuwalea wahitimu katika miaka hiyo, ambao wengi wetu tunauita kwa kifupi chake cha SEAP, ulianza mwaka 2003. Programu ya kampuni niliyojiunga nayo imepangwa ndani ya miaka hiyo mitatu: mwaka wa kwanza ofisi ya michoro na idara ya barabara na maji, mwaka wa pili idara ya majengo, mwaka wa tatu kwenye eneo la ujenzi. Tulichukuliwa wanne.

Usaili ulifanyika asubuhi moja ya Novemba 2023. Mbele yangu walikaa watu watatu, nami nilikuwa nimejiandaa kueleza mradi wangu wa mwisho wa chuo kwa dakika 10. Hakuna aliyeniuliza habari za mradi huo. Mhandisi mwanamke wa makamo aliyekaa pembeni alinipa kalamu ya ubao, akaniomba nichore bimu iliyolala juu ya nguzo mbili na nimwonyeshe nondo kuu zinakaa wapi, na kwa nini. Nilizichora chini, nikaeleza kwamba bimu ikibebeshwa uzito hupinda kama ubao wa kuvukia mtaro, upande wa juu ukabanwa na upande wa chini ukavutwa, na kwamba zege ni hodari sana likibanwa lakini likivutwa nguvu yake ni takribani sehemu moja tu ya kumi, ndiyo maana chuma huwekwa pale panapovutwa. Akaniomba nichore kibaraza kinachotokeza nje ya ukuta bila nguzo upande wa mbele, kama vile vya juu ya milango ya maduka. Hapo mvuto huhamia juu, na nondo nazo lazima zikae juu. Nilijibu sawasawa, naye akaendelea: "Fundi wako amezipanga juu kama ulivyochora, halafu vibarua wanapita na ndoo za zege wanazikanyaga mpaka zinalala chini. Kwenye mchoro wako umefanya nini ili jambo hilo lisitokee?"

Sikuwa na jibu. Jibu, nililolijua baadaye nikiwa tayari nimeajiriwa, ni viti, yaani vipande vya nondo vilivyokunjwa ili vishikilie tabaka la juu mahali pake. Vinachorwa, vinahesabiwa na kuorodheshwa kwenye jedwali la nondo pamoja na nondo nyingine, ili viingie kwenye bei ya mkandarasi na asivione kuwa jambo la hiari. Nilirudi Kimara kwa shangazi yangu nikiamini nimekosa nafasi, na basi la mwendokasi lilipopita Jangwani nilitazama bonde la Msimbazi, ambalo wakati wa masika hulazimisha barabara ya Morogoro kufungwa kwa saa kadhaa na watu kutembea kwa miguu kutafuta njia nyingine. Niliwaza kwamba hata pale kuna mchoro, na kwenye kona ya mchoro huo kuna herufi za mtu.

Wiki mbili baadaye walinipigia simu. Yule mhandisi akawa mlezi wangu.

Miezi ya mwanzo sikusanifu chochote. Nilifundishwa kutunza majalada, kupanga namba za michoro, na kuhakikisha kwamba mchoro uliorekebishwa haubaki kwenye meza moja na ule wa zamani, kwa kuwa kosa la kujengea mchoro uliokwisha kubadilishwa ni la kawaida na ni la gharama. Kazi hizi zinachosha, na mwenzetu mmoja aliondoka mwezi wa tatu kwa sababu hiyo. Simlaumu, posho ya mwaka wa kwanza ni ndogo na nauli ya Dar es Salaam haimsubiri mtu. Kilichonibakiza ni kukagua.

Kukagua kuna utaratibu wake. Unachapisha mchoro au kurasa za hesabu, unachukua kalamu ya njano na kalamu nyekundu. Kila namba, kila kipimo, kila neno ulilolihakiki na kuliona sahihi unalipaka njano, na kila lenye kosa unalizungushia nyekundu na kuandika pembeni lilivyopaswa kuwa. Ukurasa haujakaguliwa mpaka pasibaki namba isiyo na rangi. Mlezi wangu alinipa kurasa 14 za hesabu za ukuta wa kuzuia udongo, za mradi uliokwisha kujengwa miaka iliyopita, akaniambia nimrudishie baada ya siku mbili. Nilizirudisha siku hiyohiyo jioni zikiwa za njano tupu. Alizifungua, akasimama kwenye ukurasa wa sita, akaniuliza kwa upole, "Umezikokotoa au umezisoma?"

Nilikuwa nimezisoma. Nilifuata mtiririko wa mwandishi, nikaona hoja zake zinaungana vizuri, nikapaka rangi. Kwenye ukurasa ule wa sita uzito wa udongo ulikuwa umechukuliwa kana kwamba udongo ni mkavu, ilhali ukurasa wa pili ulisema wazi kwamba nyuma ya ukuta maji ya chini ya ardhi hupanda wakati wa mvua. Maji nyuma ya ukuta yana msukumo wake yenyewe, juu ya ule wa udongo, na kuta nyingi zinazoanguka katika miji yetu yenye vilima huanguka kwa sababu hakuna aliyeyapa maji hayo matundu ya kutokea. Kosa lile lilikwisha kugunduliwa zamani na ukuta ulijengwa ipasavyo. Kurasa hizo huhifadhiwa kwa ajili ya wahitimu. Nilizichukua tena, nikakaa nazo siku tatu, nikaanza kila hesabu kwenye karatasi tupu kabla ya kutazama jibu la mwenzangu. Tangu wakati huo nimefanya hivyo kwa kila kazi inayopita mikononi mwangu, na naona hii ndiyo tofauti kubwa kati ya chuo na ofisi: chuoni nilihesabu ili nipate jibu ambalo mwalimu tayari analo, na hapa nahesabu kwa sababu huenda hakuna mtu mwingine atakayehesabu tena.

Mwezi Agosti 2024 nilipewa kalavati langu la kwanza, yaani njia ya kupitisha maji chini ya barabara. Lilikuwa moja kati ya makalavati 11 kwenye barabara ya changarawe iliyokuwa ikiboreshwa katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, mahali ambapo barabara inakata korongo lenye maji wakati wa masika na lililo kavu miezi mingine yote. Kilosa ni wilaya inayojua maji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaacha maelfu ya watu bila makazi na kusomba sehemu za reli ya kati.

Namna ya kusanifu kalavati, kwa ufupi, ni hii. Unatafuta kwanza eneo la bonde ambalo mvua yake yote huishia kwenye korongo lako. Unatafuta nguvu ya mvua, yaani milimita ngapi zinaweza kunyesha kwa saa katika dhoruba kali. Unakadiria ni sehemu gani ya mvua hiyo itatiririka badala ya kunywewa na udongo, jambo linalotegemea mteremko, aina ya udongo na kilichopandwa juu yake. Ukizidisha vitu hivyo vitatu unapata wingi wa maji kwa sekunde, na kutokana na wingi huo unapata ukubwa wa tundu. Dhoruba huchaguliwa kwa kipindi cha kujirudia, na kwa kalavati la aina hii tulitumia miaka 25. Watu wengi, hata baadhi ya viongozi wanaopitisha bajeti, huelewa kwamba mafuriko ya miaka 25 yakitokea leo hayatarudi hadi ipite miaka 25. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka uliopita ulikuwaje, kuna uwezekano wa asilimia 4 yatokee, na ukikokotoa kwa miaka 25 mfululizo, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika karibu asilimia 64. Ningependa jambo hili lifundishwe sekondari.

Nilikaa mezani na ramani ya 1:50,000 na vipimo vya mwinuko vya setilaiti, nikachora mpaka wa bonde, nikapata kilometa za mraba 1.6. Kwa mvua ya milimita 70 kwa saa, na theluthi moja na ushei ya mvua hiyo ikitiririka, nilipata karibu meta za ujazo 11 kwa sekunde. Kalavati la boksi lenye tundu moja, upana wa meta 2.5 na kimo cha meta 2, lingetosha na nafasi ikabaki juu ya maji. Nililinganisha na njia nyingine, ile iliyotolewa mwaka 1976 na maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara kutokana na vipimo vya mvua na maji vilivyochukuliwa katika mabonde madogo ya Kenya na Uganda, ambayo mlezi wangu anayo katika nakala iliyochakaa kwa kufunguliwa. Majibu yalikaribiana. Nilimpelekea nikiwa na furaha. Alipitia kila namba, akasema hesabu ni sahihi, kisha akasema Jumatatu tunakwenda Kilosa.

Tulifika kijijini mchana. Nilikuwa na fomu ya maswali ya wananchi ambayo kampuni hutumia, na swali lake la kwanza lilikuwa: mafuriko hufika kimo gani? Niliwauliza vijana wawili waliokuwa kwenye bodaboda zao, wakaniambia maji hujaa sana. Nikaandika "sana". Mlezi wangu hakuchukua fomu. Karibu na korongo kulikuwa na kibanda cha mama mmoja anayeuza maandazi na chai, na mbele yake kwenye benchi alikaa mzee mwenye fimbo. Tuliwaamkia, wakatuitikia marahaba, tukakaa, tukaagiza chai. Ikazungumzwa habari ya safari, ya bei ya mpunga, ya mtoto wa yule mama anayesoma Morogoro mjini. Ilipita karibu nusu saa. Kisha mlezi wangu akageuka kwa mzee akamwuliza, "Mzee wangu, wakati wa Elinino mlilala wapi?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi. Kila mtu mzima wa Afrika Mashariki anajua alipokuwa wakati wa mvua za Elinino za 1997 na 1998, na mtu aliyelala nje ya nyumba yake anakumbuka kwa nini, kwa siku ngapi, na maji yalimfikia wapi. Mzee alisema walilala kwenye ghala la chama cha ushirika, juu ya magunia ya pamba, watu wa kaya tisa. Akainuka na fimbo yake, akatupeleka. Ghala bado lipo, limeezuliwa upande mmoja, na kwenye ukuta wake unaotazama barabara kuna mstari wa rangi ya udongo ambao chokaa mbili zilizopakwa baadaye hazikuuficha. "Hapa ndipo maji yalipoishia. Na mwaka huu, masika hii iliyopita, yamefika hapa," akasema, akigusa sehemu ya chini kidogo. Mpima wetu aliweka kifaa chake na kusoma. Mstari wa juu ulikuwa sentimita 42 juu ya usawa wa barabara, na ule wa 2024 ulikuwa sentimita 15 juu ya usawa huohuo.

Makalavati ya zamani pale yalikuwa mabomba mawili membamba, kwa hiyo nilitarajia maji yapite juu ya barabara. Lakini nilipokokotoa papo hapo, kwenye bodi ya gari, bonde la kilometa za mraba 1.6 lisingeweza kuleta maji ya kufika kwenye mstari ule, hata ningeweka mvua kali kuliko zote tulizokuwa na kumbukumbu zake. Nilirudia mara mbili. Nilianza kushuku mstari. Wakati huo yule mama wa maandazi alikuwa amekuja nyuma yetu, na aliponiona nakunja uso alisema neno ambalo lilibadilisha mchoro: "Mwanangu, haya maji si yetu peke yetu. Nusu yake ni ya wenzetu wa ng'ambo ya kilima."

Tulipanda na mzee kwa mwendo wa dakika 40. Juu, nyuma ya miti ya mikuyu, kulikuwa na mfereji. Mzee alisema waliuchimba wenyewe kwa majembe yeye akiwa kijana, baada ya kuhamishiwa pale wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 70, ili kuleta maji ya kijito cha bonde la jirani kwenye shamba la mpunga la kijiji. Shamba la kijiji lilikwisha kufa. Mfereji haukufa. Kila masika maji yameula na kuupanua, na sasa upana wake ni karibu meta 3 na unaleta sehemu kubwa ya maji ya bonde la pili kwenye korongo letu. Kwenye ramani niliyotumia haukuwamo. Vipimo vya setilaiti, vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, vinaigawa ardhi katika miraba ya meta 30 kwa 30, na kitu cha meta 3 hakionekani humo. Kwenye picha ya anga nilikuwa nimeuona mstari huo, nikaudhania njia ya ng'ombe.

Nililiandika jambo hili katika daftari langu la kazi usiku uleule, na ninaliandika hapa bila kupunguza, kwa sababu hesabu zangu zilikuwa sahihi. Kama mlezi wangu angeridhika na usahihi huo, mchoro ungetoka na herufi zangu, kalavati lingejengwa kwa zege zuri na nondo za kutosha, na masika ya kwanza yenye nguvu yangelizunguka na kuikata barabara inayopitisha wagonjwa kwenda hospitali ya wilaya. Na katika jalada kila kitu kingekuwa cha njano.

Bonde jipya lilikuwa kilometa za mraba 2.7. Maji yalipanda hadi karibu meta za ujazo 17 kwa sekunde, kwa kuwa bonde likiwa refu zaidi dhoruba inayohesabiwa huwa ndefu na nguvu yake kwa saa hupungua kidogo. Niliweka matundu mawili, kila moja meta 2 kwa 2, nikaongeza sakafu ya mawe upande wa kutokea maji ili yasichimbe chini ya msingi. Mstari wa ukuta wa ghala ulipatana na hesabu mpya, tofauti ikiwa chini ya sentimita 10. Gharama ilipanda, na kwenye kikao na mwenye mradi mhandisi wao aliuliza, kwa haki kabisa, ni ushahidi gani unaotufanya tubadilishe. Mlezi wangu aliniachia nijibu. Nilionyesha picha ya ukuta wa ghala na fimbo ya kupimia ikiwa imesimama mbele yake, kisha picha ya mfereji. Kikao kilipitisha mabadiliko. Mwishoni mwa Agosti mchoro ulitoka ukiwa na herufi zangu tatu katika kisanduku cha kwanza, za mlezi wangu katika cha pili, na za mkurugenzi katika cha tatu.

Nilitaka sana kumpigia bibi yangu siku hiyo, na nilimpigia. Lakini uzito wa kisanduku sikuuhisi siku hiyo. Niliuhisi Novemba.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, wafanyabiashara na wateja wao. Kwa siku kadhaa jiji zima lilifuatilia uokoaji, watu wakichimba na kuita, na waliopoteza maisha walizidi 20. Shangazi yangu ananunua bidhaa zake mitaa ya jirani na pale, na kwa muda wa saa mbili hatukumpata kwenye simu. Jumatatu mlezi wangu alitukusanya sisi watatu tuliobaki. Hakuzungumzia chanzo cha ajali ile, akasema hiyo ni kazi ya wanaochunguza. Alituambia kwamba tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36, yeye alikuwa amesajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu kwa miaka michache tu, na usiku ule alirudi ofisini akafungua majalada ya majengo yote yenye herufi zake, akayahesabu upya mpaka alfajiri. Kisha alitupa funguo za kabati la majalada na kutuambia tuchague kila mmoja kazi moja yake ya zamani, tuihesabu upya, na tumwandikie kila tutakachokiona, tusimwonee haya. Tulifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Mimi nilimpata na kosa moja dogo la urefu wa nondo kwenye ngazi, lisilo na madhara, na alilisaini kwa kalamu nyekundu mbele yetu.

Kuna jambo moja ambalo tangu hapo nimelishikilia, na nitaendelea kulisema ofisini hata pale linapoonekana dogo. Sisi tunajifunza kwa Kiingereza, tunakokotoa kwa Kiingereza, tunachora kwa Kiingereza, na mchoro unakwenda kwa watu wanaojenga kwa Kiswahili. Fundi anayefunga nondo Kilosa ana maneno yake kamili ya kazi: ringi ni zile nondo za mzunguko, biskuti ni vijiwe vya zege vinavyoitenga nondo na mbao ili zege liifunike pande zote na kutu isiifikie. Maelezo muhimu kuliko yote ya mchoro, yale yanayoamua kama chuma kitadumu miaka 50 au 10, tumeyaandika kwa maandishi madogo katika lugha ambayo msomaji wake wa mwisho haisomi kwa urahisi, kisha tunalalamika kwamba mafundi hawafuati michoro. Kwa ruhusa ya mlezi wangu niliandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuuambatanisha na michoro ya makalavati yote 11. Unaeleza ni nondo zipi za juu na zipi za chini, biskuti ziwe za unene gani, na kwa nini ukuta wa katikati una nondo pande zote mbili: tundu moja linaweza kujaa maji huku jingine limezibwa na magogo, na ukuta ukasukumwa kutoka upande wowote. Uliniweka macho usiku mwingi kuliko hesabu za kalavati lenyewe.

Ujenzi ulianza kiangazi cha mwaka 2025. Mimi wakati huo nilikuwa idara ya majengo, kwenye mwaka wa pili, na mwezi wa saba nilikuwa mezani na hesabu za paa la shule nilipopigiwa simu na fundi sanifu wa timu ya usimamizi kule Kilosa. Alitaka kujua kama ringi za ukuta wa katikati zinaanzia ndani ya sakafu au juu yake, kwa kuwa mkandarasi anataka kumwaga zege la sakafu kesho yake asubuhi na yeye hataki kumruhusu kabla hajawa na uhakika. Nilifungua mchoro, nikahesabu tena kutoka kwenye karatasi tupu wakati yeye akisubiri, nikamjibu kwamba zinaanzia ndani ya sakafu, na nikamtajia mstari wa ukurasa wa Kiswahili unaolieleza jambo hilo. Alisema ukurasa huo anao mkononi, na mafundi wameubandika kwenye mlango wa stoo.

"Na hapa chini kwenye kona," akaniuliza, "hizi herufi tatu za mwanzo ni za nani?"

"Ni zangu."

"Basi dada, weka simu karibu. Alhamisi tunafunga nondo za juu."